Mkwe Mwenye Stashahada

Machi 3, Jumatatu

Nimehamia ukweni. Mvua inapiga bati, na godoro letu limelowa kwa sababu nililibeba kichwani kutoka pale gari lilipokwama. Mke wangu Paskalia amelitandikia magunia ya kabichi juu, akalala na kukoroma mara moja. Yeye yuko kwao.

Daftari hili ni jipya, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ni Ezekiel Mihayo, Mnyamwezi wa Sikonge, Tabora, umri miaka hamsini na mmoja, mwenye stashahada ya juu ya maendeleo ya jamii. Nimekuwa ofisa wa mradi pale Morogoro mjini muda mrefu, na mada yangu ilikuwa vipato vya vijijini nje ya kilimo. Nimesimama kwenye kumbi za hoteli nikiwaambia watu wenye sambusa mkononi kwamba kila mwaka wa shule huongeza kipato, na kwamba msomi kijijini hategemei jembe. Watu walipiga makofi wakafuta vidole. Januari mfadhili akajiondoa, mradi ukafungwa, na nyumba tuliyopanga Kilakala tukairudisha kwa mwenyewe.

Sasa tuko huku juu milimani, mwendo mrefu wa kupanda kutoka Mlali, kwa Mama Kristina, mama mkwe wangu. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Karoti, njegere na kabichi zote za mteremko huu ni za ukoo wake, na baadaye zitakuwa za Paskalia. Mimi hapa ni mgeni, na hata jembe ni la kuazima.

Machi 4

Nimelima.

Machi 5, Jumatano ya Majivu

Mgongo umekataa kunyooka. Padre amenipaka majivu nikiwa nimeinama hivyo hivyo, na waumini wamesifu unyenyekevu wangu.

Machi 7

Leo nimepalilia karoti. Baada ya saa nzima Paskalia akaja, akatazama, akaniomba kwa upole nikae kivulini. Nilikuwa nimeng'oa karoti na kuyaacha magugu, tena kwa mstari ulionyooka.

Jioni mama amenipa hukumu. Nieleze kwanza jinsi tunavyozungumza. Mimi ni mkwe, na mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaketi mkeka mmoja, na kwa mama huyu, hawasemezani kabisa. Akiwa na neno nami humwambia paka. Ni paka wa rangi ya majivu, mvivu, anayelala karibu na mafiga.

"Paka," alisema, "masika ni marefu. Asiyeweza kulima ana masika yote ya kutafuta kitu kingine cha kuleta hapa nyumbani. Mvua zikikatika mikono bado mitupu, hakuna ugomvi. Kwao Tabora kupo."

Paka alijinyoosha. Nikamjibu huyo huyo paka kwamba nimesikia. Moyoni niliogopa, maana mama huyu hana mazoea ya kusema mara mbili. Nikirudi Sikonge nitarudi peke yangu, kwa sababu Paskalia ndiye binti wa pekee na shamba linamngoja.

Machi 9, Jumapili

Baada ya misa nimekaa na Mjomba Fransisko, kaka mkubwa wa mama na kichwa cha ukoo. Ni mzee mrefu mwenye kofia ya sufi asiyoivua hata kanisani mpaka katekista amkodolee macho. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mjomba haachi siku ipite bila kunichokoza.

Leo ameniambia babu zangu walipita chini ya mlima huu na meno ya tembo vichwani, wakatazama juu, wakasema hapana, wakaendelea pwani. Mimi ndiye mpagazi wa kwanza kufika, na nimefika na godoro. Nikamwambia Waluguru hawakupanda mlima kwa ushujaa, walikuwa wanakimbia kodi. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kwa kawaida ukwe huufunga utani mdomo, na mjomba wa mke naye ni mkwe. Yeye anasema amezeeka mno kuwa na adabu mbili.

Mama alipita, akatusikia, akamnunia kaka yake hadi jioni.

Machi 12

Mvua.

Machi 13

Mvua, na karoti alizopanda upya Paskalia zimeota. Nimekatazwa kuzikaribia.

Machi 15

Baraka, mpwa wa Paskalia, amekuja na nyama. Ana miaka ishirini na mitatu, aliishia darasa la saba, na anaendesha bodaboda kati ya Mlali na huku. Hununua nyama kila Jumamosi. Kwenye michoro yangu ya zamani mtu kama yeye alikuwa chini kabisa, kwenye nguzo fupi ya rangi ya njano. Leo nguzo ya njano imenipa kipande cha ini na kuniita anko.

Nilimuuliza kama angeweza kunitafutia kazi ya boda. Akanitazama miguu. "Anko, hii njia ikilowa inataka mtu ambaye mifupa yake bado haijasoma," akasema. Paskalia alilazimika kutoka nje kucheka.

Machi 18

Habari njema. Kuna utafiti unakuja, wa vipato nje ya kilimo, mada yangu kabisa! Wanataka wadodosaji, na usaili ni kesho kutwa Mlali. Umri usizidi thelathini na mitano. Nimejitazama kwenye kioo cha Paskalia na kuona kwamba tatizo liko kichwani tu, kwenye nywele. Nimeagiza piko ya kuzitia weusi.

Machi 20, Alhamisi

Paskalia alisema piko ikae mpaka ikauke. Mimi nilikuwa na haraka.

Mvua ilinikuta njiani. Niliingia kwenye chumba cha usaili nikiwa na shati jeupe na mifereji miwili myeusi iliyotoka masikioni mpaka kwenye mfuko wa kalamu. Msimamizi, binti anaitwa Pendo, aliniamkia shikamoo. Pale pale nikajua usaili umekwisha, kwani hakuna anayemwamkia kijana mwenzake shikamoo.

Hata hivyo aliuliza elimu yangu. Nikamwambia stashahada ya juu. Akasema kwa heshima zote kwamba wanataka shahada. Nikamwambia nimeandika maswali kama haya tangu yeye yuko shule ya msingi. Akasema anaamini. Kisha akanipa karatasi ya kujifutia shingo.

Nimerudi kwa miguu. Mama alipoona shati alimwambia paka kwamba wengine huvaa majivu ya kwaresima mpaka kifuani.

Machi 21

Sikutoka.

Machi 28, Ijumaa

Utafiti umetufikia nyumbani. Alikuja Pendo pamoja na kiongozi wa utafiti, Matthias, Mjerumani mwembamba wa miaka ishirini na sita ambaye amejifunza Kiswahili kizuri na jua limemchubua pua. Nakiri nilikuwa na kinyongo. Mtu wa umri ule, na ngozi ile, ndiye aliyeajiriwa kuongoza kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na mama alimtolea kiti cha Mjomba Fransisko. Mimi nilikaa kwenye ndoo.

Kilichoniuma zaidi ni majibu. Nilipokuwa ofisa, kijiji hiki hiki kiliniambia hakina kuku hata mmoja. Leo mama amemwambia Matthias habari za kuku, mbuzi, njegere anazomuuzia dada yake wa Mwembesongo, na hata nani anapika pombe bila kibali. Nilijikuta nanung'unika kwa sauti kwamba watu wetu wanaabudu ngozi nyeupe. Mama akamgeukia paka.

"Mzungu hana shangazi hapa," akasema. "Habari zetu atampelekea nani?"

Nimelifikiria jambo hili siku nzima. Katika ripoti zangu zote halimo.

Kisha likaja swali la asili ya mhojiwa. Dodoso lilitungwa nchi nyingine kwa ajili ya watu wengine, na hakuna aliyekumbuka kulibadilisha. Pendo alisoma akitazama chini: mweusi, mweupe, mchanganyiko, au nyingine. Matthias alikuwa mwekundu, rangi ambayo haikuwemo.

Mama aliomba asomewe tena. Akasema, "Andika Mluguru." Pendo akaeleza kwamba Mluguru hayumo. "Basi andika nyingine," akasema mama. Wakauliza na mimi je. "Huyo Mnyamwezi. Mtafutieni nyingine yake."

Zamu yangu ikafika. Umri, nikataja. Miaka ya shule, nikataja kwa sauti kubwa. Kipato nje ya kilimo kwa miezi mitatu iliyopita? Nilijua swali linakuja, nimewauliza mimi mwenyewe maelfu ya watu.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna kabisa, mzee?"

"Hakuna, mwanangu."

Walipoondoka walituachia mche wa sabuni kama shukrani kwa muda wetu. Hicho ndicho kipato changu cha kwanza nje ya kilimo mwaka huu, nimekipata kwa kusema sina. Mama aliupima mche mkononi, akamwambia paka kwamba leo tutafua kwa stashahada.

Aprili 4

Nimejaribu kuwa mlinzi wa ghala la mboga Mlali. Wanataka kijana mwenye mafunzo ya mgambo.

Aprili 8

Nimejaribu kufundisha masomo ya jioni. Wazazi wanasema watalipa baada ya mavuno, watoto wanasema wamechoka, na mimi nasema ukweli kwamba hesabu za siku hizi sizielewi.

Aprili 11

Mjomba Fransisko anakohoa. Nimemkandia kifua kwa maji ya moto. Amesema mkono wangu ni mlaini kuliko wa muuguzi, na kwamba hiyo si sifa.

Aprili 20, Pasaka

Mvua kubwa. Mjomba hakuja misa. Nilimpelekea pilau, akala vijiko viwili, akaniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia bado. Akasema, "Usimwogope dada yangu. Anabweka tu." Nikamwambia mbona hajawahi kunibwekea, humbwekea paka. Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

Aprili 22, Jumanne

Mjomba Fransisko amefariki alfajiri. Ndiye mtu wa pekee mlima huu aliyenichokoza kwa mapenzi. Nimelia nyuma ya choo, kisha nimekwenda kupasua kuni na wanaume wengine, vibaya kama kawaida.

Aprili 23

Usiku mlima umeporomoka juu ya barabara, chini ya kisima cha misheni. Hakuna gari, hakuna boda, hata wa miguu wanarudi. Padre yuko ng'ambo ya pili. Abdi naye yuko ng'ambo ya pili, na hilo ndilo linalowanong'onesha wazee.

Abdi ni Mnyamwezi mzee anayeishi Mlali. Ndiye mtani wa mlima mzima. Huku msiba bila mtani haukai sawa. Mtani ndiye anayevaa koti la marehemu na kumwigiza, anayewatukana wafiwa mpaka wacheke, anayelala kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia mfiwa kula sasa, umelia vya kutosha. Ndugu hawezi kulisema hilo, anaonekana amechoka na maiti.

Na mama hajala tangu jana asubuhi. Amekaa ukutani, miguu ameinyoosha, halii tena. Hasemi na mtu. Paskalia amempelekea uji mara nyingi, unarudi umepoa. Shangazi mmoja amesema kwa sauti ya chini kwamba mwanamke wa umri ule haendi mbali bila chakula. Paskalia alisikia. Amenishika mkono akanibana.

Jioni wazee wameniita kando. Wakasema kuna Mnyamwezi mmoja upande huu wa maporomoko. Nikasema mimi ni mkwe, siwezi hata kumtazama mama usoni. Nitamtukanaje? Wakabishana. Mmoja akasema utani ni mkubwa kuliko ukwe, mwingine akasema thubutu. Wakapeleka swali kwa mama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alifungua mdomo: "Mkwe ni mkwe." Wakatawanyika, nami nikashukuru.

Aprili 24, Alhamisi

Niandike yote sasa, kwa sababu kesho sijui nitakuwa nyumba gani.

Tulimpeleka mjomba kaburini saa nane mchana chini ya mvua. Katekista aliongoza sala kwa mwavuli uliokatika mbavu. Kaburi lilikuwa limechimbwa mteremkoni, na maji yalikuwa yanaingia upande wa juu. Wachimbaji walikuwa wanayachota kwa ndoo na kugombana nani alichagua mahali. Hakuna aliyeimba. Wanawake walikuwa wamechoka kulia na hawakuwa na kitu kingine cha kufanya. Mama aliletwa ameshikwa makwapa na wanawake wawili. Nilimtazama usoni, kosa langu la kwanza la siku, nikaona midomo imekuwa ya rangi ya vumbi. Nikaogopa. Niliona makaburi mawili pale badala ya moja.

Sikuamua. Wanaosema mimi jasiri hawanijui. Niliona tu kofia ya sufi imewekwa juu ya jeneza, mkono ukaenda ukaichukua, nikaivaa. Watu wakashtuka. Kisha nikashuka kaburini na viatu vyangu vya ofisi, nikalala chali kwenye maji ya matope, nikakunja mikono kifuani.

"Limejaa," nikasema. "Tafuteni lingine."

Katekista alifunga kitabu. Maji yakaniingia kwenye kola, na nikawaza kwamba kama nimekosea, basi nimekosea kabisa, kwa hiyo bora niendelee.

Nikasema Waluguru ni watu wa ajabu, maisha yao yote wanapanda mlima, na hata maiti yao wanaizika mteremkoni ili ipate kuendelea kupanda. Nikasema mjomba wenu amenivunja mbavu zote kwa kunichekesha, hilo ni deni, na mimi Mnyamwezi sidaiwi na mtu wa kabichi. Nikakohoa kama yeye. Nilikuwa nimekisikia kikohozi chake usiku mwingi, nikakitoa vile vile, na mwisho nikaweka maneno yake, kwamba mkono wa Ezekiel ni mlaini kuliko wa muuguzi na hiyo si sifa.

Mahali fulani nyuma mwanamke akacheka, mara moja, kisha akajiziba. Baraka akacheka bila kujiziba. Halafu wachimbaji, ambao walikuwa na hasira, wakaegemea majembe yao wakacheka kwa nguvu kuliko wote, na kilio kikaanza upya katikati ya kicheko, kilio kizuri, cha watu wenye pumzi.

Mama akaja ukingoni. Nilimwona kutoka chini, kanga imemganda mwilini, amesimama mwenyewe. Sisi wawili tulitazamana, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nilipomwoa binti yake.

"Toka humo, mpagazi," akasema.

Hakumwambia paka. Aliniambia mimi, na alilitumia neno la utani.

"Sitoki mpaka nilipwe."

"Unataka nini?"

Baadaye Baraka alinilaumu, eti pale ningeweza kutaja mbuzi. Lakini nilikuwa na jambo moja tu kichwani.

"Nataka ule, mama. Hapa hapa, nikiona."

Nilidhani atanitupia udongo. Badala yake akakaa juu ya lundo la udongo, akanyoosha mkono pembeni bila kuangalia. Paskalia alikimbia kama msichana, akarudi na ugali na maharage chini ya ungo. Mama akaanza kula.

Alikula polepole. Nasema kwa hakika kwamba alifanya makusudi. Kila tonge alilifinyanga, akalitazama, akalitafuna mpaka likaisha kabisa, na mimi nimelala kwenye maji ya baridi yanayopanda. Katikati akasema maharage hayana chumvi. Mtu akatumwa nyumbani kufuata chumvi. Wachimbaji walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka. Nilipopiga chafya aliniambia maiti hazipigi chafya, nitulie.

Alipomaliza alinawa kwa maji ya mvua, akawapa ishara. Walinivuta mikono. Tulimzika Mjomba Fransisko vizuri, kwa nyimbo.

Aprili 25

Homa.

Aprili 26

Homa. Mama hajasema nami. Hajasema hata na paka.

Aprili 28

Nimepewa jogoo kama ada ya mtani, ameletwa na wazee. Mama alimpita jogoo na kunipita mimi, akaenda shambani. Wazee wengine wa ukoo wake wanasema nimemvunjia heshima mbele ya kaburi la kaka yake, na kwamba mkwe wa namna hiyo hufungashiwa.

Usiku nimemuuliza Paskalia kama nitafukuzwa, atakwenda nami Sikonge? Akasema atakwenda. Kisha akageukia ukutani, na nikahisi mgongo wake unalia. Hawezi kuondoka hapa. Anajua ninajua.

Mei 3

Nimepanga nguo kwenye begi. Ni begi dogo.

Mei 6, Jumanne

Barabara imefunguliwa, na wageni wa kwanza kuipanda walikuja kwangu. Wanaume wawili wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, wamefiwa na bibi. Wakauliza, huyu ndiye Mnyamwezi aliyelala majini? Abdi ana magoti mabaya siku hizi, na mlima hauwezi tena. Wananihitaji mimi.

Nilitaka kukataa. Mama alikuwa anachambua njegere mlangoni. Hakuinua kichwa, ila alisogeza miguu ili nipite. Nikapita.

Nimerudi na kuku wawili, ndoo ya maharage na nauli. Baraka amenibeba na kutangaza kwamba yeye ndiye wakala wangu.

Mei 10

Msiba kwa Mzee Luqmani, fundi cherehani. Huko ni Waislamu, wamezika haraka, lakini utani ni ule ule. Nimeficha sepetu mpaka wanilipe. Nimelipwa kitambaa cha suruali.

Mei 14

Matanga mawili siku moja. Nimechoka kuliko siku ya karoti.

Mei 19

Matthias amerudi kuhakiki majibu. Ameniuliza kama hali yangu ya kipato imebadilika. Nikamweleza. Alisisimka, akatafuta kwenye orodha yake ya kazi mahali pa kuiweka, hakupata. Sifa zinazotakiwa? Nikasema kuzaliwa Unyamwezi. Umri? Haujaulizwa. Elimu? Nikamwambia elimu haidhuru, ilimradi usije nayo.

Aliandika yote. Kisha akafunga kompyuta, akasema kwamba kwao yeye hana kazi ya kudumu, mkataba wake unaisha Juni, na baba yake humuuliza kila Jumapili kwa simu kama amepata kitu. Nilikuwa nimemwonea wivu kijana huyu masika yote. Nimempa jogoo mmoja. Hakujua namna ya kumshika.

Mei 26

Leo mvua haikunyesha.

Mei 29

Wala leo. Mawingu yamepanda juu na njegere zinakauka vizuri. Kila mtu anafurahi, ila mimi namtazama mama anavyolitazama anga. Begi bado liko chini ya kitanda. Banda lina kuku wangu, lakini mama hajala hata yai lao moja, na nyumbani hatusemezani hata kupitia paka.

Mei 31, Jumamosi

Masika yamekatika. Mama aliniita asubuhi.

Alikuwa amekaa mbele ya nyumba na mzee mmoja wa ukoo kama shahidi. Nilisimama mbali, macho chini, kama inavyopasa. Akasema mwenyewe, kwa sauti yake, si kwa paka. Alisema wazee wamekaa na neno hili wiki tatu, maana halijawahi kutokea mkwe kuwa mtani ndani ya ua mmoja. Wameamua hivi: ndani ya nyumba mimi ni mkwe, na nisithubutu. Penye msiba mimi ni mtani, na nisithubutu kuogopa.

Nikasema nimesikia. Nikauliza, kwa kuwa ilibidi niulize, na kuhusu Tabora?

Alikuwa na punje za njegere mkononi, akazihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile.

"Siku ile sikutaka kula," akasema. "Nilikuwa namfuata kaka yangu. Nilishaanza kwenda. Mtu akanirudisha kwa matusi." Akafuta pua kwa pindo la kanga. "Sasa na mimi nitakufa, labda masika, labda barabara imekatika. Paskalia hatakula, namjua, ana kichwa changu. Nani atamlisha?"

Nililia mbele ya mama mkwe wangu na mbele ya shahidi, na sikujificha popote.

Alipoona hivyo akakasirika, akasema nisimlilie kabla ya wakati. Nikatafuta la kusema ili tuondoke mahali pale, nikamwambia huku juu mimi ndiye dhaifu, huenda nikatangulia mimi.

"Hutangulii," akasema mama, akirudisha njegere kwenye ungo. "Wewe una kazi."